CX-5 ya dizeli kwa mtu wa kilomita nne

"Shikamoo fundi. Mimi niko Malindi, nakaa Muyeye na duka langu liko mjini, kama kilomita nne hivi. Nafungua siku 26 kwa mwezi. Mara moja kwa mwezi nashuka Mombasa kuchukua mzigo, na sikukuu tunakwenda Witu kwa mama. Kuna mtu ananiuzia Mazda CX-5 ya dizeli ya 2014, kilomita 104,000, ndani safi kabisa, na bei yake iko chini kuliko za petroli za mwaka huohuo. Fundi wa mtaani kwetu anasema niichukue tu, yeye atalitoa lile chujio la moshi na maneno yatakuwa yamekwisha. Mjomba wangu anasema CX-5 ni Ford iliyobandikwa nembo ya Mazda, vipuri vitanitoa roho, ninunue Toyota. Na dalali mmoja wa Mombasa anataka niagize mpya zaidi kutoka Japani. Nimechanganyikiwa. Niichukue au niiache?"

Marahaba, ndugu yangu. Iache. CX-5 si gari baya, na mwenye kuuza huenda hana hila yoyote. Kinachonifanya nikukataze ni hizo kilomita nne za Muyeye hadi dukani. Gari hilohilo angekuwa analinunua mtu anayepanda Mombasa na kurudi mara tatu kwa wiki, jibu langu lingekuwa jingine.

Nianze na mjomba, maana maneno yake hakuyaokota hewani. Ford ilikuwa na hisa nyingi Mazda, na kuanzia 1996 ilishika asilimia 33.4, kiasi cha kuwa na sauti ya mwisho. Mwaka 2000 kampuni hizo mbili zilitoa gari moja lenye nyuso mbili: Ford ikaliita Escape, Mazda ikaliita Tribute. Kama mjomba aliwahi kuiona Tribute, basi anasema kweli kuhusu Tribute. Lakini Novemba 2008 Ford iliuza sehemu kubwa ya hisa zake, ikabaki na asilimia 13 hivi, na kufikia 2015 haikuwa na hisa hata moja. CX-5 iliundwa Hiroshima katika kipindi hicho cha kuachana. Ndiyo iliyoshika nafasi ya Tribute, ila chini yake hakuna kitu cha Escape.

Mazda ilijikuta peke yake, kampuni ndogo kati ya majitu, na haikuwa na fedha za kukimbizana na Toyota kwenye haibridi. Ikaamua kurudi kwenye injini ya kawaida na kuifumua upya, pamoja na giaboksi, bodi na miguu, kwa mpigo mmoja. Mpango wote ukaitwa Skyactiv. Umbo lilionyeshwa kwanza kama gari la majaribio, Minagi, kwenye maonyesho ya Geneva Machi 2011. CX-5 yenyewe ikatokea Frankfurt Septemba mwaka huo, ikaanza kuuzwa Japani Februari 2012, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 2012–2013. Ndilo gari la kwanza kupewa Skyactiv nzima, si injini peke yake.

Kuna jambo moja katika historia hiyo linalogusa mfuko wako moja kwa moja. Wajapani wengi walionunua CX-5 mwanzoni walichukua dizeli. Ilikuwa na nguvu farasi 175 na mvuto wa Nm 420, katika nchi ambayo kwa miaka mingi gari dogo la dizeli lilikuwa halitazamwi. Ndiyo maana Mombasa imejaa CX-5 za dizeli. Na ndiyo sababu mojawapo ya bei kushuka, kwani zikifika hapa zinaingia kwenye matumizi ambayo injini ile haiyapendi.

Hebu tuifungue injini yenyewe. Dizeli nyingi za wakati ule zilibana hewa ya silinda hadi sehemu moja ya 16 au 18. Mazda ikabana hadi moja ya 14 tu. Ukibana kidogo, joto la mlipuko halipandi sana, mafuta yanapata nafasi ya kuchanganyika na hewa kabla hayajawaka, na hewa chafu aina ya NOx inapungua kiasi kwamba gari lilipita sheria za Japani bila kutumia dawa ya urea. Presha ikishuka, bloku haihitaji chuma kizito. Ikatengenezwa kwa aluminiamu, na hapo pekee zikapungua kilo 25. Ajabu ni kwamba kwenye petroli walifanya kinyume, wakapandisha mgandamizo hadi 14 kwa soko la Ulaya na 13 kwa CX-5 za Japani, ambazo ndizo tunazozipata sisi. Dizeli ikashuka, petroli ikapanda, zikakutana njiani.

Tatizo la kubana kidogo ni kwamba injini ikiwa baridi haiwaki vizuri. Mazda walilijua hilo. Wakaweka plagi za joto za seramiki, na wakafanya vali za ekzosi zifunguke kidogo wakati silinda inavuta hewa, ili moshi wa moto urudi ndani na kupasha. Ni ufundi wa hali ya juu, na unafanya kazi. Lakini maana yake ni kwamba kila asubuhi, kwa dakika kadhaa za mwanzo, injini inakula moshi wake yenyewe. Mtu wa safari ndefu hilo halimdhuru, injini inapata moto na kujisafisha. Wewe unafika dukani, unazima. Jioni unaanza upya.

Sasa lile chujio. Kwenye ekzosi kuna mkebe wenye vitundu vidogo mno unaonasa masizi. Ukijaa, kompyuta ya gari inaanza kuyachoma: inanyunyiza mafuta ya ziada ndani ya silinda baada ya mlipuko kupita, ili mafuta hayo yaende kuwakia kwenye ekzosi na kupandisha joto hadi nyuzi 600 hivi. Kazi hiyo inataka gari liwe linatembea kwa dakika 15 hadi 20 bila kuzimwa. Muyeye hadi mjini ni dakika kumi, pamoja na tuktuk zote zilizosimama njiani. Kwa hiyo mchomo unaanza, unakatwa. Kesho unaanza tena, unakatwa. Na mafuta yaliyonyunyizwa yakakosa kuungua huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yakachanganyika na oili.

Hapa ndipo dizeli hii inapowachanganya watu. Tumezoea kwamba gari bovu hupunguza oili. Hili linaongeza. Chomoa kijiti cha kupimia cha CX-5 ya dizeli uangalie: juu ya alama ya kujaa kuna alama nyingine, X. Waliiweka kwa sababu walijua oili itapanda. Ikifika X, unamwaga na kuweka mpya hata kama juzi ulifanya sevisi, maana uliyonayo mle ni oili iliyozimuliwa kwa dizeli, nyepesi kama maji ya wali, na haiwezi kulinda turbo wala beringi. Injini ile inachukua lita 5.1 pamoja na filta, na lazima iwe oili ya majivu machache (kopo liandikwe DL-1 au C3), kwa sababu majivu ya oili ya kawaida yakishaingia kwenye chujio hayaungui tena maisha.

Mahali pengine masizi yanapokwenda ni kwenye njia ya kuingiza hewa, ambako yanakutana na mvuke wa oili na kuganda kama lami hadi tundu likabaki nusu. Mengine hukaa kati ya vali ya ekzosi na kiti chake, vali isifunge sawasawa, injini ikapoteza nguvu. Huko Japani Mazda wenyewe waliwahi kuyaita magari ya dizeli yarudi kurekebishwa kwa ajili ya masizi, kwa hiyo si maneno ya vijiweni.

Fundi wako anasema atalitoa chujio. Namheshimu, lakini hapo anaponya kidole wakati homa iko mwilini. Lami ya kwenye njia ya hewa haitoki kwenye chujio, inatoka kwenye moshi unaorudishwa ndani, na huo utaendelea kurudi. Halafu akikata mkebe na kuuchokoa bila programu ya kompyuta kubadilishwa, kompyuta haijui kwamba chujio halipo. Itaendelea kunyunyiza mafuta ya kuchoma masizi yasiyokuwepo, na oili itaendelea kupanda kwenye sampu. Programu ikibadilishwa na mtu wa kubahatisha, unabaki na gari linalotoa moshi mweusi mbele ya duka lako na taa ya injini isiyozimika. Wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri. Ila ukinunua gari huku umeshapanga kulikata, jiulize kwa nini usinunue lisilohitaji kukatwa.

Na faida yenyewe ya dizeli kwako ni kiasi gani? Tupige hesabu yako. Kilomita 8 kwa siku, siku 26, ni 208. Mombasa kwenda na kurudi ni kama 240. Jumla 448 kwa mwezi. Kwa vipimo rasmi vya Japani, CX-5 ya 2012 ya dizeli ya magurudumu ya mbele ilipewa kilomita 18.6 kwa lita, na petroli ya lita 2.0 ikapewa 16. Ni lita 24 dhidi ya 28. Tofauti ni lita nne kwa mwezi! Vipimo vile ni vya maabara, barabarani gari hunywa zaidi, lakini hata tukiongeza theluthi mbili juu ya kila moja unafika lita saba. Kusafisha njia ya hewa mara moja tu kutameza akiba ya miaka.

Kwa hiyo kama ni CX-5 unayoitaka, tafuta ya petroli. Usitegemee nembo ya nyuma wala maneno ya muuzaji, soma namba ya chesisi. Kwenye toleo la kwanza namba huanza na KE, na herufi zinazofuata zinakuambia kila kitu: KE2 ni dizeli, KEE ni petroli ya lita 2.0, KE5 ni petroli ya 2.5. Kisha F ni magurudumu mawili ya mbele, A ni yote manne. KEEFW ndiyo ingekufaa wewe: nyepesi, nguvu farasi 155, haina shafti wala difu ya nyuma ya kukuletea gharama. Ukipakia mzigo mzito mara kwa mara, panda hadi KE5, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013. Magurudumu manne ya gari hili hayakufanywa kwa mchanga mzito wa Mambrui, hayana gia ya chini wala kufuli ya difu, na ukiyalazimisha mchangani yanapata moto na kujikata. Urefu wa milimita 210 kutoka chini unatosha kabisa kwa barabara ya Witu.

Vipuri ambavyo mjomba anaviogopa, injini hizi ziko pia ndani ya Axela na Atenza, magari mengine ya Mazda yaliyojaa nchini. Filta, plagi, koili, rejeta ya maji, vyote vinapatikana Mombasa bila kusubiri meli. Kinachosumbua ni vioo, taa za mbele na rangi. Ile nyekundu inayong'aa ya Mazda hupakwa tabaka juu ya tabaka, na mlango mmoja ukipigwa rangi upya gereji ya kawaida utauona kutoka ng'ambo ya barabara. Chukua nyeupe au fedha.

Petroli nayo ina yake. Inanyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli na hushika ukoko taratibu, ila ni suala la miaka mingi, si la miezi. Injini ya 2.0 inachukua lita 4.2 za oili pamoja na filta, ya 2.5 inachukua lita 4.5, 0W-20 au 5W-30 zote zinafaa kwa joto letu, na kwa safari zako fupi badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Oili ya giaboksi ni FZ, rangi yake buluu. Asikuwekee mtu yoyote ile nyekundu ya magari yote. Betri ni ya aina maalumu kwa sababu gari hujizima lenyewe kwenye foleni na kujiwasha. Ukiweka ya kawaida itakufa mapema, au mfumo huo utaacha kufanya kazi, jambo ambalo kusema kweli halitakuumiza. Sikiliza pia mtikisiko gari likiwa kwenye D umekanyaga breki: ukiusikia mwingi kwenye usukani, maunti ya injini ya upande wa kulia imevuja. Huo si msiba, ni sababu ya kupunguza bei.

Kuhusu kuagiza: sheria ya Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo utakachopata ni toleo la pili, ambalo chesisi yake huanza na KF na liliingia sokoni Japani Februari 2017. Ni tulivu zaidi ndani na limenyooka zaidi barabarani. Hapo tafuta KFEP, petroli ya 2.0. Ya 2.5 ya kuanzia 2018 huzima silinda mbili ikitembea polepole, na iliwahi kuitwa irudi kurekebishwa programu, basi omba uthibitisho kwamba kazi ilifanyika. Tovuti ya Mazda Japani inakubali namba ya chesisi na kuonyesha. Kodi ya forodha ndiyo itakayoamua kama njia hii unaiweza, na hesabu hiyo ifanye kabla ya kumpa dalali senti moja.

Sasa kutu, ambayo kwa Malindi naiweka juu ya injini. Gari lililokaa kaskazini mwa Japani limepita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Ingia chini na tochi uangalie fremu ya nyuma inayoshika mikono, mikanda ya tangi la mafuta, na bomba za breki. Kutu ya juujuu ya rangi ya chungwa ni ya kawaida. Ukichokoa kwa bisibisi yakatoka magamba, inuka uende zako. Na likishakuwa lako, ukipita Gongoni na Marereni nyuma ya malori ya chumvi yanayodondosha maji njia nzima, lioshe chini siku hiyohiyo. Lioshe kwa maji ya mfereji, yale ya Baricho. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na kuoshea hayo ni kulipaka dawa ya kutu. Ile desturi ya kupuliza oili chafu chini ya gari iache pia, inakula bushi zote za mpira.

Kuhusu Toyota, mjomba hajakosea kwamba RAV4 itakuwa rahisi kuuza baadaye, na kila fundi kuanzia Kisumu Ndogo hadi Watamu anaijua kwa kupapasa. Kama hujali gari linavyokwenda na unataka tu lisikusumbue, mfuate. Utalipa zaidi wakati wa kununua.

Huenda bado moyo uko kwenye ile ya dizeli, au umeshatoa arubuni. Basi nenda asubuhi kabla halijawashwa, weka mkono kwenye boneti uhakikishe ni baridi. Chomoa kijiti. Kama oili iko karibu na X, au ukidondosha tone kwenye karatasi ya shashi likaacha pete pana ya mafuta kulizunguka, na pua inakuambia dizeli, oili imezimuliwa. Fungua kifuniko cha oili umulike ndani: weusi ni wa kawaida kwa dizeli, lakini madonge magumu kama makaa yanaonyesha kwamba vizibo vya injekta vinavuja, na madonge hayo huenda kuziba chujio la sampu hadi injini ikose oili. Ukishawasha tu, kanyaga breki. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, pampu ya vakyumu inayosaidia breki ina shida, na ile inaendeshwa na kamshafti, shafti ya kufungua vali, ambayo nayo inataka oili safi. Mnyororo wa ndani ya injini ukilia zaidi ya sekunde mbili, ondoka.

Likipita hayo, ndipo umtafute fundi mwenye mashine inayosoma Mazda kwa undani, si ile ndogo ya kufuta taa. Yumkini itabidi uende Mombasa, na gharama yake ibebe wewe. Mashine ikae imechomekwa safari nzima, na umwombe akuonyeshe mambo mawili: umbali kati ya mchomo mmoja wa masizi na mwingine, na presha kabla na baada ya chujio. Gari zima hukaa kilomita 200 hadi 300 kati ya michomo. Likichoma chini ya kila kilomita 100, hata kwenye barabara kuu, masizi yanatoka kwingine na huyo muuzaji anajua kwa nini anauza. Akikataa gari lisipelekwe kupimwa, dai arubuni yako.